Kuikamata protini ikiwa nusu imefumuka: mwongozo wa kutengeneza nyuzi za amiloidi kwa lisozaimu

Protini iliyokunjika sawasawa haigeuki kirahisi kuwa nyuzi za amiloidi, yaani nyuzi ngumu zinazoundwa na molekuli nyingi za protini zilizopangana kwa bapa za beta. Ile iliyofumuka yote nayo mara nyingi inakataa, hasa kama imefumuliwa kwa joto kali au kwa urea nyingi. Inayokubali ni ile ya katikati: sehemu moja ya mkunjo imeachia, vipande vinavyokwepa maji vimechungulia nje, na mazingira bado ni mapole kiasi kwamba molekuli mbili zikigusana zinaweza kushikana. Ndiyo maana kazi kubwa katika jaribio hili si kupasha moto. Kazi ni kuitafuta hiyo katikati, kuipima, na kuishikilia hapo kwa siku kadhaa bila kuteleza upande huu wala ule.

(Neno moja kuhusu lugha. "Kukunjika" na "kukunjuka" yanatofautiana kwa irabu moja tu, na kwenye daftari la maabara irabu hiyo imeshaleta balaa. Hapa tutasema "kukunjika" na "kufumuka".)

Protini tunayotumia ni lisozaimu ya ute wa yai la kuku. Ina asidi amino 129, uzito wa kilodaltoni 14.3, na madaraja manne ya salfa. Ina sehemu mbili: moja imejaa helisi za alfa (mnyororo uliojizungusha kama springi), nyingine ina bapa za beta (minyororo iliyolala sambamba). Ni rahisi kuipata ikiwa safi, na tabia zake zinafahamika. Zaidi ya hayo, ndugu yake wa binadamu amekwisha kutufundisha somo lenyewe. Mwaka 1993 zilielezwa familia zenye ugonjwa wa amiloidi wa kurithi unaotokana na lisozaimu iliyobadilika asidi amino moja: isolusini ya 56 imekuwa threonini, au asidi aspati ya 67 imekuwa histidini. Molekuli hizo zikitulia zina umbo karibu sawa na la kawaida. Tofauti ni kwamba mara kwa mara sehemu ya beta, pamoja na helisi C iliyo jirani, hufumuka kwa pamoja huku sehemu nyingine ikibaki imekunjika. Mlango huo unaofunguka kwa muda mfupi unatosha kuanzisha ugonjwa. Kwa lisozaimu ya kuku isiyo na kasoro, tunaufungua sisi kwa asidi na joto.

Hatua ya 1: Bafa

Tengeneza bafa (myeyusho unaoshikilia pH isihame) ya glisini ya milimola 50, pH 2.0. Kwa mililita 100, yeyusha gramu 0.375 za glisini katika mililita 80 za maji safi, ongeza asidi hidrokloriki ya mola 1 polepole hadi pH 2.0 (itakula takriban mililita 4.5), kisha jaza hadi 100. Chuja kwa chujio la mikromita 0.22.

Usiongeze sodiamu azidi kwa mazoea ya kuzuia bakteria. Kwenye pH 2 azidi inageuka kuwa asidi hidrazoiki, ambayo inaruka hewani na ni sumu. Isitoshe, hakuna bakteria wa kukusumbua kwenye pH 2 na 57°C.

Hatua ya 2: Protini

Pima miligramu 120 za unga wa lisozaimu, weka kwenye mililita 5 za bafa, na zungusha tyubu taratibu kwa mkono. Usitikise hadi povu litoke, kwa sababu kwenye mpaka wa hewa na maji protini hufumuka ovyo, na hapo utakuwa umeanza jaribio kabla ya saa yake.

Sasa pima pH tena. Wengi huruka hatua hii. Lisozaimu ina makundi kumi ya kaboksili yanayoweza kupokea protoni, na kwa ukolezi wa milimola 1.4 yanaweza kumeza hadi milimola 14 za asidi ya bafa yako. pH inaweza kupanda kwa 0.2 hadi 0.3 bila wewe kujua. Irudishe hadi 2.0 kwa matone madogo ya asidi. Kama unga wako una chumvi nyingi, na aina nyingi za unga zinazo, weka myeyusho kwenye mfuko wa dayalisisi wa kilodaltoni 3.5 (utando unaopitisha chumvi na kubakiza protini) usiku kucha dhidi ya lita 1 ya bafa, ndani ya jokofu. Chumvi ikitofautiana kati ya kundi moja na jingine, kasi ya nyuzi nayo inatofautiana.

Chuja kwa 0.22, kwa chujio lisilonasa protini. Lengo ni kuondoa vibonge vilivyokuwamo kwenye unga, maana kibonge kimoja kinaweza kufanya kazi ya mbegu, yaani kiini ambacho nyuzi huanza kukua juu yake.

Ukolezi pima baada ya kuchuja, si kabla. Punguza mara 50 na soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 280, kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) ya sentimita 1. Miligramu 1 kwa mililita inasoma karibu 2.65, kwa hiyo ukitaka myeyusho wa miligramu 20 kwa mililita, sampuli iliyopunguzwa mara 50 isome karibu 1.06. Ikizidi, ongeza bafa.

Hatua ya 3: Tafuta halijoto ya nusu

Hapa usiwe na haraka. Halijoto ya nusu ni pale ambapo nusu ya molekuli zimefumuka. Kwenye pH ya kawaida, lisozaimu ya kuku huvumilia hadi karibu 75°C. Kwenye pH 2 makundi ya kaboksili yamepoteza chaji hasi, molekuli imebaki na chaji chanya tupu zinazosukumana, na nusu inafika mapema zaidi, kwenye digrii za selsiasi za hamsini na kitu. Kwenye mazingira haya nyuzi zimeonekana kutoka vizuri zaidi karibu na 57°C. Hata hivyo usiinakili namba hiyo tu. Bafa yako na chumvi yako vinaweza kuisogeza kwa digrii moja au mbili.

Kipimo bora ni dikroizimu duara, kinachotumia mwanga unaozunguka kuonyesha kiasi cha helisi na bapa kilichobaki. Weka protini ya miligramu 0.2 kwa mililita kwenye kuveti ya milimita 1, soma nanomita 222, na panda kutoka 20°C hadi 90°C kwa kasi ya digrii 1 kwa dakika. Utapata mstari unaoinama kidogo (bado imekunjika), mteremko mkali, kisha mstari mwingine (imefumuka). Refusha mistari hiyo miwili kwa rula hadi ipite juu na chini ya mteremko. Tuseme kwenye 57°C mstari wa kwanza unaonyesha milidigrii −14, wa pili −6, na kipimo chako halisi ni −10. Sehemu iliyofumuka ni (−14 + 10) gawanya kwa (−14 + 6), yaani 0.5. Uko penyewe.

Kama huna mashine hiyo, tumia mng'ao wa triptofani. Lisozaimu ya kuku inazo sita. Mulika nanomita 295, soma 310 hadi 400, na fuatilia kilele kinavyosogea kuelekea nanomita 350 kadiri triptofani zinavyokutana na maji. Ila joto lenyewe hupunguza mng'ao, kwa hiyo fuata mahali pa kilele, usifuate urefu wake.

Kwa nini usahihi wote huu? Kwa sababu mteremko ni mkali. Lisozaimu hufumuka kwa nguvu joto ya takriban kilojuli 400 kwa moli, na ukifanya hesabu utaona kwamba kosa la digrii 3 chini ya halijoto ya nusu linashusha sehemu iliyofumuka kutoka nusu hadi karibu moja kwa tano. Digrii 3 juu, na nne kwa tano zimefumuka. Vipashio vingi vya tyubu huonyesha namba moja kwenye kioo na kutoa nyingine ndani ya shimo. Weka kipimajoto ndani ya tyubu yenye maji, kwenye shimo lile lile utakalotumia, usubiri dakika 20, ndipo uamini.

Hatua ya 4: Ni hali ya kati, au ni mchanganyiko tu?

Swali hili linawaponyoka hata waliobobea. Nusu kwenye mchoro inaweza kuwa na maana mbili. Huenda kila molekuli iko nusu imefumuka. Au huenda nusu ya molekuli zimekunjika kamili na nusu zimefumuka kamili, zikibadilishana zamu. Mchoro wa nanomita 222 peke yake hauwezi kukuambia.

Rudia mteremko ule ule kwenye nanomita 250 hadi 320, ambako dikroizimu inaonyesha jinsi minyororo ya pembeni ilivyobanana ndani ya molekuli. Hapa utahitaji protini zaidi, miligramu 1 kwa mililita, na kuveti ya sentimita 1. Michoro miwili ikilaliana, hakuna hali ya kati inayoonekana kwa kipimo hiki. Ule wa minyororo ya pembeni ukianguka mapema kuliko wa helisi, unayo: molekuli ambayo helisi zake bado zipo lakini moyo wake umelegea.

Rangi ya ANS, inayong'aa ikishika sehemu zinazokwepa maji, inaongeza ushahidi. Weka mikromola 50 za ANS kwenye mikromola 5 za protini, mulika nanomita 380, soma 400 hadi 600. ANS iliyo huru kwenye maji inang'aa hafifu karibu na nanomita 520. Ikijipachika kwenye sehemu zinazokwepa maji, mng'ao unapanda na kilele kinarudi kuelekea 480. Lakini hadhari: ANS ina chaji hasi, na lisozaimu kwenye pH 2 imejaa chaji chanya, kwa hiyo zitavutana hata kama hakuna kilichofunguka. Pima kwanza kwenye 25°C, pH ile ile, na uhesabu ongezeko kutoka hapo tu.

Hatua ya 5: Kupasha

Gawa mililita 1.5 kwenye kila tyubu yenye kifuniko cha skrubu, na funga kwa utepe wa kuzuia mvuke. Pima uzito wa kila tyubu na uuandike. Andaa:

- tyubu tatu za pH 2.0 kwenye halijoto ya nusu (57°C au uliyopata mwenyewe);
- moja ya pH 2.0 kwenye 25°C;
- moja ya pH 7.0, bafa ya fosfeti, kwenye 57°C;
- moja ya bafa tupu kwenye 57°C.

Ile ya pH 7.0 ndiyo muhimu kuliko zote. Ina protini ile ile na joto lile lile, lakini iko chini sana ya halijoto yake ya nusu. Ikibaki bila nyuzi, unajua si joto lililofanya kazi, ni kufumuka.

Acha bila kutikisa. Kipindi cha ukimya (muda kabla nyuzi hazijaanza kuonekana) kwenye pH 2.0 na 57°C ni karibu saa 48, na jambo la kustaajabisha ni kwamba hakibadiliki sana ukibadilisha ukolezi. Hii inaashiria kuwa kinachosubiriwa ni badiliko ndani ya molekuli moja moja kabla ya kukusanyika. Ukitumia sumaku ya kukorogea utapata nyuzi mapema zaidi, lakini kukoroga huvunja nyuzi changa na kila kipande kinakuwa mbegu mpya, kwa hiyo tyubu tatu zinazofanana zitakupa majibu matatu. Kwa kupima muda, usikoroge. Kwa kupata nyuzi nyingi tu, koroga.

Ruhusu siku tano hadi saba. Mwishoni pima uzito tena. Tyubu iliyopoteza zaidi ya asilimia 2 iwekee alama: ukolezi na pH yake vimekwisha kuhama.

Hatua ya 6: Kufuatilia kwa thioflavini T

Thioflavini T ni rangi inayong'aa sana ikishika nyuzi za amiloidi. Yeyusha miligramu 0.8 zake kwa kila mililita ya bafa ya fosfeti ya pH 7.0, chuja kwa 0.22, na ukague ukolezi kwa kupunguza mara 100 na kusoma nanomita 412: usomaji wa 0.90 ni sawa na milimola 2.5. Rangi hii hubaki kwenye chujio kiasi fulani, ndiyo maana kukagua kunakuja baada ya kuchuja. Tunza gizani.

Kila saa 12 (kila saa 4 baada ya saa ya 40) geuza tyubu taratibu mara tatu, chota mikrolita 10 kwa ncha ya pipeti iliyokatwa mdomo, na weka kwenye mikrolita 990 za thioflavini ya mikromola 20 katika fosfeti ya milimola 50, pH 7.0. Subiri dakika 2. Mulika 440, soma 482. Kutokata ncha ni kosa dogo lenye gharama: nyuzi ndefu hukwama kwenye tundu dogo, na mchoro wako unaruka juu na chini kama mpira.

Chora mng'ao dhidi ya muda. Utaona ukimya, mpando, kisha uwanda. Linganisha na fomula ya umbo la S, upate t50 (muda wa kufika nusu ya mpando) na k (kasi). Kipindi cha ukimya ni t50 toa 2/k. Kwa mfano, t50 ikiwa saa 60 na k ikiwa 0.25 kwa saa, ukimya ni saa 52.

Thioflavini peke yake si hukumu. Protini nyingine iliyosongamana ovyo nayo huipa mng'ao kidogo, na myeyusho wenye utusitusi hutawanya mwanga hadi kwenye kipimo. Soma pia sampuli bila rangi, uitoe.

Hatua ya 7: Ushahidi wa macho

Hadubini ya elektroni ndiyo inayomaliza ubishi. Punguza sampuli mara 100 kwa maji yaliyotiwa asidi hadi pH 2. Usitumie fosfeti, maana ikikutana na uranili inaganda, na utapiga picha ya mashapo ukidhani ni protini. Weka mikrolita 5 kwenye gridi yenye utando wa kaboni, dakika 1, nyonya kwa karatasi ya chujio, osha kwa tone la maji, weka tone la uranili asetati (chumvi ya urani inayofanya protini ionekane) ya asilimia 2 kwa sekunde 30, nyonya tena. Takataka za uranili zina mnururisho na zina chombo chao. Nyuzi za amiloidi ni nyembamba, zimenyooka, hazina matawi, na mara nyingi zimejisokota. Ukiona vibonge kama mtama uliomwagika, hizo si nyuzi.

Rangi nyekundu ya Kongo ni njia ya haraka zaidi: kilele chake husogea kutoka karibu nanomita 490 kuelekea 540 ikishikamana na amiloidi. Kwa wenye mionzi ya eksi, saini ya kweli ni umbali wa angstromu 4.7 kati ya tepe za beta na karibu 10 kati ya bapa na bapa.

Mtego wa asidi

Kwenye pH 2 na joto, asidi haifumui protini tu; inaikata, hasa kwenye viungo vya asidi aspati. Kwenye 65°C vipande kama vile cha 49 hadi 100 huonekana ndani ya nyuzi zenyewe. Kipande hakina mkunjo wa kukilinda, kwa hiyo kiko wazi daima. Usipokikagua unaweza kuandika kurasa kumi kuhusu lisozaimu nzima iliyofumuka nusu, kumbe nyuzi zako zimesukwa na vipande.

Kagua kwa jeli ya SDS (sabuni kali; jeli hutenganisha protini kwa ukubwa) ya asilimia 18. Lazima uongeze kemikali ya kuvunja madaraja ya salfa, kwa sababu madaraja hushikilia vipande pamoja na protini iliyokatwa huonekana nzima. Yeyusha nyuzi kwanza kwenye urea ya mola 8. Usitumie guanidini: ikikutana na SDS inaganda na jeli inaharibika. Hii pia ni sababu mojawapo ya kupendelea 57°C kuliko 65°C, ingawa 65°C ina haraka yake.

Mbegu

Chukua nyuzi zilizokomaa, ziweke kwenye barafu, zipige kwa sonikata (mashine ya kuvunja kwa mawimbi ya sauti) sekunde 5 na kupumzika sekunde 10, mara 15. Ongeza asilimia 5 kwa uzito kwenye protini mpya. Kwenye 57°C kipindi cha ukimya kinafupika sana au kinatoweka. Weka mbegu hizo hizo kwenye tyubu ya 25°C, na usitarajie chochote cha maana: mbegu ziko tayari, lakini protini imejifungia. Tyubu hizi mbili, zikiwa pamoja, zinaonyesha nafasi ya hali ya kati vizuri kuliko mchoro wowote.

Mbegu hizi pia ni adui. Sumaku na tyubu zilizotumika zikirudi kwenye jaribio jipya zikiwa na uchafu, ukimya wa saa 48 unageuka saa 10 na hutajua kwa nini. Tumia tyubu mpya, na vyombo vya kurudia viloweke kwenye sodiamu haidroksaidi ya mola 1 kwa saa moja. Kuveti za kwazi zisikae humo muda mrefu, zinachubuka. Sonikata hutoa ukungu, kwa hiyo fanya kazi ndani ya kabati la hewa. Vibonge vidogo vinavyotangulia nyuzi vinaweza kuua seli kwenye majaribio.

Ukitaka kubadilisha protini

Utaratibu ni ule ule, mlango tu ndio tofauti. Insulini hukaa kama molekuli sita zilizoshikwa na zinki. Asidi inaziachanisha, na ukiweka miligramu 2 kwa mililita kwenye pH 2, 60°C na chumvi ya milimola 100, nyuzi zinakuja kwa saa badala ya siku. Transthairetini, protini ya damu, ni molekuli nne pamoja: kwanza zitengane, kisha kila moja ifumuke kidogo, na hilo linafanyika vizuri kwenye pH 4.4 na 37°C. Hapo halijoto ya nusu si ya kutafuta sana, tafuta pH. Dawa ya tafamidis inafanya kazi hapo hapo, kwa kuzibana zile nne zisiachane. Alfa-sinukleini, protini ya ubongo, inakuja kutoka upande wa pili kabisa: haina mkunjo tangu mwanzo, na katikati yake hufikiwa kwa kukunjika kidogo, si kwa kufumuka. Kwa hiyo ukiipasha ukitafuta mteremko wa kufumuka hutauona. Tazama badala yake kama muundo unaongezeka pH ikishuka au joto likipanda.